Rekodi za Moto: Volkano za Afrika Mashariki Zikitazamwa Kutoka Tabora

Mtu wa Choma, wilayani Igunga, akiulizwa volkano ziko wapi atanyoosha mkono kaskazini-mashariki, kwenye milima ya Arusha na Kilimanjaro. Au ataitaja Goma, maana habari za milipuko ya mwaka 2002 na 2021 zilimfikia redioni. Mkoa wake mwenyewe hatautaja. Unyamwezi anaujua kuwa nchi ya tambarare, miombo, mbuga na majabali ya itale, na moto wa ardhini ameuhesabu kuwa mambo ya wenzetu. Lakini katika rekodi za volkano duniani ipo moja adimu sana inayoshikiliwa na mkoa wa Tabora, na hakuna bara jingine linaloishindania. Makala haya yanazipitia rekodi za Afrika Mashariki kwa kuanzia hapo nyumbani.

Njia ya misafara na nyufa mbili

Chukua njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Tabora. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyepanda bara na vitambaa na shanga, akateremka pwani na pembe za ndovu, aliivuka mikono yote miwili ya Bonde la Ufa kwa miguu yake. Mkono wa mashariki aliuvuka Ugogo, pale nchi inapoinuka kwa ghafla kwenye kingo za Kilimatinde kabla ya kuingia Mgunda Mkali. Mkono wa magharibi aliukuta mwisho wa safari, nao ni Ziwa Tanganyika lenyewe. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, na kwa urefu wake wa kilomita 673 hakuna ziwa la maji baridi linalolizidi. Wapelelezi Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, wakaliona ziwa hilo pale Ujiji Februari 1858. Katika njia yote hiyo hawakukutana na mlima wa moto hata mmoja, na sababu yake iko chini sana ya ardhi.

Ganda la dunia limekatika vipande vikubwa vinavyoitwa mabamba. Afrika yetu inagawanyika taratibu kuwa mawili: bamba la Nubia upande wa magharibi na bamba la Somalia upande wa mashariki. Kule Ethiopia yanaachana kwa milimita 6 hadi 7 kwa mwaka, na kadiri unavyokwenda kusini mwendo unapungua. Katikati yao kuna bamba dogo la Victoria, lililobeba Unyamwezi, Usukuma na ziwa Nyanza lote, nalo linajizungusha polepole kinyume cha mishale ya saa. Kiini chake ni mwamba wa kale wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mzizi wa mwamba huo umezama zaidi ya kilomita 150, ni wa baridi ukilinganisha na majirani zake, na ni mgumu kupasuka. Joto linalopanda kutoka chini linaukuta mzizi huo na kukengeukia pembeni. Ndiyo maana ufa uligawanyika mikono miwili ukaizunguka Tabora, na ndiyo maana milima ya moto imejipanga kandokando ya nchi hii kubwa badala ya kuota katikati yake.

Wengi hudhani kwamba chini ya ganda la dunia kuna bahari ya moto inayongoja tundu itokee. Mwamba wa huko chini ni mgumu. Joto la kuyeyuka unalo, ila uzito wa miamba iliyoulalia unauzuia usiyeyuke. Mabamba yakiachana na ganda likawa jembamba, uzito ule unapungua, na sehemu ndogo ya mwamba inayeyuka bila joto kuongezeka hata kidogo. Uji huo wa mwamba, yaani magma, ni mwepesi kuliko miamba inayouzunguka, kwa hiyo unapanda. Ndivyo inavyokuwa katika Bonde la Ufa, Iceland, na kwenye safu ndefu za milima iliyo chini ya bahari, ambako sehemu kubwa ya magma ya dunia hutoka bila mtu kuiona. Pembezoni mwa Pasifiki mambo huenda kinyume. Kule mabamba yanagongana, moja linazama chini ya jingine likiwa limebeba maji ya bahari, na maji hayo ndiyo yanayoufanya mwamba uyeyuke mapema. Magma ya namna hiyo huwa nzito na imejaa mvuke, ikiziba njia mpaka ilipuke. Tambora ya Indonesia ililipuka hivyo mwaka 1815, mlipuko mkubwa kuliko wote ambao binadamu wameuandikia habari wakiwa mashahidi.

Choma yenyewe iko karibu na ncha ya ufa wa mashariki. Bonde la Ziwa Eyasi limenyoosha ulimi wake kusini-magharibi hadi mbuga za Wembere, na mto Manonga unamwaga maji yake humo. Abiria anayeteremka mlima Sekenke kwa basi, akitoka Singida kwenda Igunga, anateremka ukingo wa bonde hilo. Hapo lazima niseme jambo moja kwa ajili ya watoto wa shule: zile nyufa za mbugani wakati wa kiangazi, zinazoweza kumeza mguu wa mbuzi, hazihusiani na Bonde la Ufa. Ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua. Ufa wenyewe hauonekani kwa kuinama. Unaonekana kwa kusimama juu ya Sekenke na kuitazama nchi ilivyozama chini.

Igwisi, kimberlaiti changa kuliko zote duniani

Kaskazini ya reli ya Kati, katika nchi iliyo kati ya Urambo na Kaliua, kuna vilima vitatu vidogo vinavyoitwa Igwisi. Havina urefu wa kumtisha mtu, na msafiri wa gari moshi la Kigoma anapita bila kujua kama vipo. Nchi hiyo ndiyo aliyoitawala mtemi Mirambo kutoka Urambo mpaka alipofariki mwaka 1884, na misafara ya pembe ilimlipa ushuru ili ipite. Vilima hivyo ni volkano, tena si za kawaida.

Mawe yake ni ya aina iitwayo kimberlaiti, iliyopewa jina kutokana na mji wa Kimberley huko Afrika Kusini. Hii ndiyo aina ya magma inayopandisha almasi. Volkano nyingi huchota uji wao kilomita makumi chini ya ardhi. Kimberlaiti hutoka kina cha zaidi ya kilomita 150, chini kabisa ya mzizi wa mwamba wa kale, ikisukumwa na gesi nyingi ya kaboni na mvuke. Inapanda kwa kasi ambayo wataalamu huikadiria kwa saa au siku chache, wakati magma nyingine hukaa njiani miaka mingi. Inapotoka inakuwa imebeba mawe iliyoyang'oa njiani, kwa hiyo mtu anayeokota jiwe la kimberlaiti ameshika kipande cha nchi ambayo hakuna mashine ya kuchimba iliyowahi kuifikia.

Duniani kote mabomba ya kimberlaiti, yaani njia zake za kupandia, yanajulikana kwa maelfu, lakini karibu yote ni ya kale mno. Mvua na upepo vimekwisha kukwangua sehemu ya juu, kikabaki kile kishina cha chini tu. Hakuna aliyewahi kuona kimberlaiti ikilipuka, wala wanasayansi hawakuwa na mahali pengi pa kuchunguza inavyokuwa ikifika juu ya ardhi. Igwisi ndipo palipowapa jibu. Pale vilima vyenyewe vya majivu bado vimesimama, na kimojawapo kina mkondo wa lava uliotambaa nje ya kreta, usiofika hata kilomita moja. Mwaka 2012 watafiti walichapisha umri wake baada ya kupima heliamu iliyojikusanya ndani ya punje za olivini kwa kupigwa na miale ya anga. Jibu lilikuwa takribani miaka 12,000, na hata ukiweka nafasi ya kukosea ya miaka elfu kadhaa mbele au nyuma, hiyo ni jana tu kwa hesabu za miamba. Kimberlaiti inayofuata kwa uchanga imeizidi Igwisi kwa takribani miaka milioni 30.

Jiwe la Igwisi ukilivunja unaona jinsi lilivyosafiri. Ndani yake zimejaa punje za olivini, madini ambayo yakiwa safi huwa ya kijani, na nyingi zimelainishwa kuwa mviringo kama zilivyosagana ndani ya uji ule zikipanda kwa kishindo. Tabaka za majivu na mawe yaliyorushwa zinaonyesha kwamba mambo yalianza kwa mlipuko. Baadaye gesi ilipopungua, uji uliobaki ukatoka kwa utulivu na kutambaa kama lava. Miaka 12,000 iliyopita Afrika Mashariki ilikuwa na watu, wawindaji na wachuma matunda. Sioni ugumu wa kuamini kwamba kuna waliousikia mlipuko ule.

Igwisi haiko kwenye ufa. Iko katikati ya mwamba ule wa kale niliosema unakengeusha moto, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Inatuambia kwamba mzizi wa Unyamwezi, pamoja na ubaridi na ugumu wake, nao unapenywa. Kila kitabu cha shule kinachosema volkano hutokea kwenye mipaka ya mabamba kinasema kweli, ila kinapaswa kuongeza mstari mmoja kuhusu Tabora.

Tabora na jirani zake wana zaidi ya hiyo moja. Dhahabu ya Nzega, iliyochimbwa kwa miaka kumi na zaidi katika mgodi wa Golden Pride, ilikuwa ndani ya ukanda wa miamba ambayo sehemu yake asili yake ni lava iliyomwagika zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, kabla dunia haijawa na jani wala samaki. Na Mwadui, Shinyanga, bomba la kimberlaiti alilolipata John Williamson, mjiolojia wa Kanada, mwaka 1940, lina eneo la hekta 146 juu ya ardhi, mojawapo ya mabomba makubwa kuliko yote yaliyowahi kuchimbwa almasi kwa faida. Umri wake ni kama miaka milioni 50. Mwaka 1947 ilipatikana humo almasi ya waridi ya karati 54.5. Williamson akampa binti mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi, ikakatwa ikabaki karati 23.6.

Lengai, mlima unaotapika magadi

Takribani kilomita 300 kutoka Choma kwa mstari ulionyooka, kusini mwa Ziwa Natron, umesimama Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamaasai, wenye mita 2,962. Una rekodi mbili ambazo hazijavunjwa. Ni volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kaboneti, na lava hiyo ndiyo yenye joto dogo kuliko lava zote zinazojulikana.

Lava ya kawaida, ile ya Hawaii au ya Goma, hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za sentigredi. Ya Lengai hutoka na nyuzi 500 hadi 600. Mchana haing'ai hata kidogo. Inatoka nyeusi, inatiririka kama mafuta ya alizeti, na usiku ndipo wekundu hafifu unapoonekana. Ikipoa na kugusana na unyevu wa hewa, kwa saa au siku chache inageuka kijivu, kisha nyeupe. Wageni wengi wanaotazama kilele chake kutoka mbali hudhani ni theluji. Sababu ni kwamba lava hii kwa sehemu kubwa ni kaboneti ya sodiamu, jamaa wa magadi yale yale yanayotiwa kwenye chungu cha maharage. Alipoingia kwenye kreta mwaka 1960 na kuthibitisha jambo hilo, mjiolojia J. Barry Dawson aliwashangaza wenzake, maana wengi hawakuamini kwamba lava ya namna hiyo inawezekana.

Yamo mengine yanayoihusu Tabora. Madini mawili makuu ya lava hiyo yamepewa majina ya watu. Moja ni gregoriti, kwa heshima ya J. W. Gregory aliyelichunguza Bonde la Ufa. Lingine ni nyerereiti, kwa heshima ya Julius Nyerere, aliyesoma Tabora Boys na baadaye akafundisha St. Mary's papo hapo Tabora. Ni marais wachache duniani wenye madini yanayoitwa kwa majina yao, na ya Mwalimu yanazaliwa mlimani mwake mpaka leo. Hayadumu nje: mvua ikiyanyea yanageuka kuwa kitu kingine.

Upole wa Lengai usimdanganye mtu. Julai 2007 matetemeko yaliyofika 5.9 yalitikisa kaskazini ya Tanzania na kusikika hadi Nairobi, magma ikijipenyeza chini ya mlima jirani wa Gelai bila kufika juu. Septemba mwaka huo huo Lengai ikaacha kutiririsha na kuanza kulipuka, ikarusha majivu kwa miezi kadhaa hadi mwaka 2008. Wafugaji walihamisha mifugo. Kreta iliyokuwa imejaa magadi mpaka ukingoni ikageuka shimo refu.

Nyiragongo, lava yenye mbio kuliko zote

Kiswahili kinachosemwa Goma kilivuka Ziwa Tanganyika pamoja na misafara iliyopitia Tabora na Ujiji kwenda Manyema, kwa hiyo habari za Goma ni habari za jamaa. Mji huo umejengwa chini ya Nyiragongo, mlima wa mita 3,470 wenye kreta ya upana wa zaidi ya kilomita moja, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na ziwa la lava, mara kadhaa kubwa kuliko maziwa yote ya aina hiyo duniani.

Kinachoifanya Nyiragongo iwe hatari ni kemia yake. Lava yake ina silika kidogo mno, na silika ndiyo inayoifanya lava iwe nzito. Iliyopungukiwa nayo inakimbia. Tarehe 10 Januari 1977 mbavu za mlima zilipasuka, na ziwa zima la lava likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Mikondo yake kwenye miteremko ilikadiriwa kufikia kilomita 60 kwa saa, kasi ambayo hakuna lava nyingine iliyoandikwa kuifikia. Idadi ya waliokufa hutajwa kuanzia makumi hadi mamia. Kwa kawaida lava mtu anaweza kuikimbia kwa kutembea haraka. Ile ya 1977 isingekimbiwa hata kwa baiskeli.

Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilifunguka upande wa kusini wa mlima, karibu kabisa na mji. Lava ikapita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia Ziwa Kivu. Watu kama 400,000 walikimbia, wengi wao wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, na zaidi ya 100 wakafa. Kisha wakarudi na kujenga juu ya lava hiyo hiyo. Ukipita mitaa ya Goma leo utaona nyua zilizozungushiwa kuta za mawe meusi yenye matundu matundu, mawe yaliyounguza nyumba zilizokuwa pale pale. Mei 22, 2021 mlima ukamwaga tena, watu zaidi ya 30 wakafa, na lava ikasimama ukingoni mwa mji karibu na uwanja wa ndege. Siku chache baadaye serikali ikaamuru mitaa kumi ihamwe, kwa hofu kwamba magma ilikuwa imejipenyeza chini ya mji na ziwa.

Hofu ya ziwa si ya bure. Ndani ya kina cha Kivu kuna takribani kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani, zimeyeyuka majini na kushikiliwa na uzito wa maji yaliyo juu. Kameruni, ziwa dogo la kreta la Nyos lilipoachia gesi yake usiku mmoja wa Agosti 1986, watu wapatao 1,700 walikufa kwa kukosa hewa. Pembezoni mwa Goma kaboni dayoksaidi hujikusanya kwenye mabonde madogo, wenyeji wanayaita mazuku, na asubuhi hukutwa humo mbuzi au watoto waliokufa. Upande wa Rwanda wameanza kuifanyia kazi: tangu 2016 mtambo wa KivuWatt huko Karongi unavuna methani ya ziwa na kuzalisha umeme wa megawati 26.

Jirani ya Nyiragongo ni Nyamulagira, inayotajwa kuwa volkano inayolipuka mara nyingi kuliko zote Afrika, zaidi ya mara 40 tangu 1885. Haiongelewi sana kwa sababu lava yake kwa kawaida huishia msituni, ndani ya hifadhi ya Virunga.

Nyingine za kutajwa

Kilimanjaro, mita 5,895, ni kilele cha Afrika na mlima mrefu kuliko yote duniani inayosimama peke yake bila safu. Umeimbwa vya kutosha. Kinachosahaulika ni kwamba kilele chake cha Kibo bado kinafuka gesi ya kiberiti ndani ya kreta ya Reusch.

Ngorongoro ina kaldera kubwa kuliko zote duniani ambayo kuta zake zimebaki nzima na haikujaa maji: kilomita za mraba 260 hivi, kuta za mita 600. Mlima ulimwaga magma iliyoushikilia, paa likakosa egemeo, likadidimia lote kwa pamoja. Hayo yalitokea zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Karibu yake, Laetoli, majivu ya volkano yaliyoloweshwa na mvua yalihifadhi nyayo za mababu waliotembea wima miaka milioni 3.6 iliyopita. Timu ya Mary Leakey ilizifukua mwaka 1978. Kwa maoni yangu hakuna volkano duniani iliyowahi kutunza kumbukumbu ya maana zaidi.

Kusini, Kyejo ya Rungwe ndiyo ya mwisho kumwaga lava upande huo wa Tanzania, karibu mwaka 1800. Na kwa matetemeko, lile la Rukwa la Desemba 13, 1910, lenye ukubwa wa 7.4, ndilo kubwa kuliko yote yaliyopimwa katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Hakuna mlima uliolipuka wakati huo; mkono wa magharibi una volkano mahali pachache tu, kwa hiyo kwa sehemu kubwa unafunguka kwa kutikisika.

Ethiopia inashika rekodi za ufa wenyewe. Ziwa la lava la Erta Ale linajulikana kuwako tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, mojawapo ya yaliyodumu zaidi duniani. Na Septemba 2005, huko Dabbahu, Afar, ardhi ilipasuka urefu wa kilomita 60 na kuachana hadi mita 8 kwa wiki chache tu. Kwa mwendo wa polepole wa mabamba, hiyo ni akiba ya karne nyingi iliyotoka mara moja.

Kenya nayo imefanya lile ambalo wengine wanalizungumza tu. Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa volkano umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme tangu 1981, na leo hakuna nchi ya Afrika inayoifikia Kenya kwa umeme wa jotoardhi. Hata hivyo mtambo wa kwanza kabisa barani ulikuwa Kiabukwa, Katanga, mwaka 1952. Ulikuwa mdogo sana na umekwisha kufa.

Pwani na visiwani

Watu wa pwani wasijione wako mbali. Krakatau ya Indonesia ilipolipuka Agosti 1883, kishindo chake kilisikika kisiwa cha Rodrigues, karibu kilomita 4,800 kutoka pale, na hakuna sauti iliyoandikwa kusikika mbali zaidi. Mawe yake mepesi yanayoelea yalivuka Bahari ya Hindi na kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka uliofuata.

Karthala, volkano ya kisiwa cha Ngazidja, mita 2,361, ni hai mpaka leo. Ililipuka Aprili na Novemba 2005, na mateso makubwa ya wananchi hayakuletwa na lava. Majivu yaliingia kwenye matangi ya maji ya mvua, na kisiwa hicho hakina mito ya kudumu, kwa hiyo vijiji vizima vilibaki bila maji ya kunywa.

Rekodi mpya kuliko zote katika makala haya iko mashariki ya kisiwa cha Maore. Mei 2018 matetemeko yalianza kuwasumbua watu wa kisiwa hicho, na Novemba 11 mwaka huo mitambo ya kupimia tetemeko duniani kote ilinasa mvumo wa ajabu uliodumu kwa dakika zaidi ya 20. Meli za utafiti zilipopeleka vipimo chini ya bahari Mei 2019 zikakuta mlima mpya wenye kimo cha mita 820, kilomita 50 kutoka kisiwani, mahali ambapo ramani za zamani zilionyesha sakafu tupu. Umepewa jina Fani Maoré. Hakuna mlipuko wa chini ya bahari uliowahi kufuatiliwa uliotoa lava nyingi kuushinda huo. Watoto waliokuwa shuleni Mamoudzou mwaka 2018 wameishi kuona mlima ukizaliwa jirani yao.

Ombi kwa Tabora

Mgeni anayefika Tabora hupelekwa Kwihara kuliona tembe la Livingstone, na ni haki yake. Igwisi hapelekwi. Vilima vyenyewe ni vidogo, mawe yake yanavunjika, na siku ujenzi wa barabara utakapohitaji kifusi, hakuna atakayejua kuwa ule ni mlima wa pekee duniani. Naziomba halmashauri za Urambo na Kaliua zikae na wataalamu wa Taasisi ya Jiolojia pale Dodoma, zipaweke mahali hapo chini ya hifadhi, na zisimamishe kibao barabarani kinachoeleza kilichopo. Gharama yake haizidi ya sherehe moja ya mwenge. Na walimu wa jiografia wa Tabora, kuanzia Choma na Igunga hadi Kaliua, wanapofika kwenye somo la volkano waanze na Igwisi kabla ya Vesuvio na Fuji. Darasa linaweza kupanda gari moshi la Kigoma, likashuka Urambo, na kwenda kuligusa jiwe lenyewe bila kutoka mkoani.